Kisa cha pauni 933: mita mpya, hesabu ya mita ya zamani

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mama wa watoto wawili anayeishi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Nitamwita Bi Z. Jina lake, mji, mtaa na kampuni ya nishati nimeviondoa, na yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Tarehe na hesabu nimeziacha, maana kisa chenyewe kimo ndani ya hesabu.

Mimi ni mshauri wa kujitolea. Kazi yangu kubwa ni kukaa na watu wa lugha yetu na kusoma nao barua zinazowanyima usingizi. Katika suala hili nilikosea mwanzoni, nikapoteza wiki tatu, na nadhani msomaji atanufaika zaidi na kosa langu kuliko na yale niliyopatia.

Usuli

Bi Z. alihamia nyumba ya kupanga tarehe 4 Oktoba 2022. Nyumba ni ndogo, ya matofali, imeshikana na za majirani pande zote mbili, na inapashwa joto kwa boila ya gesi. Ilikuwa tupu tangu kiangazi, na katika kipindi hicho mita ya gesi, iliyokuwa kuukuu, ilibadilishwa. Siku ya kukabidhiwa funguo, mtu wa wakala alimwambia apige picha mita zote mbili. Akapiga. Ya gesi ilisomeka 00011. Picha ile ikabaki kwenye simu yake, katikati ya picha za watoto na maboksi ya kuhamia, na hakuna aliyeiangalia tena kwa miezi sita.

Alifungua akaunti kwa kampuni iliyokuwa tayari inahudumia nyumba hiyo, umeme na gesi pamoja, akachagua kulipa kwa makato ya moja kwa moja ya benki, ambayo sisi wa huku tunayaita tu dairekti debiti. Walikubaliana pauni 140 kila tarehe 15. Kwa asiyeyajua: kiwango hiki si bili ya mwezi husika. Kampuni hukadiria matumizi ya mwaka mzima, ikagawanya kwa miezi 12. Kiangazi unajikuta na salio la ziada, kipupwe unalila. Kwa hiyo deni dogo mwezi wa Februari peke yake halimaanishi kwamba kuna kitu kimeharibika.

Majira nayo yalikuwa ya aina yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 serikali ilikuwa imeshikilia bei kwa mpango ulioitwa Energy Price Guarantee, ambapo nyumba yenye matumizi ya kawaida ingelipa kama pauni 2,500 kwa mwaka. Kwenye bili ya Bi Z. gesi ilikuwa peni 10.3 kwa kilowati saa, yaani kipimo cha nishati, na umeme peni 34. Juu ya hapo kila nyumba ilipewa pauni 400 kwa mafungu sita, 66 kwa Oktoba na Novemba, kisha 67 kila mwezi hadi Machi. Nayataja haya kwa sababu moja. Msimu ule kila mtu alikuwa anategemea bili ya kutisha. Bili ya kutisha ilipofika, hakuna aliyeishangaa.

Mambo yalivyokwenda

Kuanzia Oktoba hadi Januari bili zilikuja kwa makadirio, na makato yalikwenda bila matatizo. Tarehe 6 Februari 2023 msomaji wa mita alipita, akaandika 00463 kwenye gesi. Wiki iliyofuata, tarehe 13, ikafika taarifa ya akaunti: deni pauni 932.85, na kuanzia tarehe 15 Machi makato yatapanda kutoka 140 hadi 347 kwa mwezi.

Alipiga simu siku hiyohiyo. Aliyepokea alimwambia kwa upole kwamba baridi ilikuwa kali, bei zimepanda, na wateja wengi wako hivyo. Akashauriwa ateremshe kidhibiti joto cha nyumba. Bi Z. akafanya zaidi ya alivyoshauriwa: boila ikawashwa saa moja tu jioni, watoto wakioga. Mdogo, mwenye miaka mitatu, akawa analala na koti. Nilipofika nyumbani kwao baadaye, ukutani nyuma ya kitanda palikuwa pameota ukungu mweusi kiasi cha kiganja. Sehemu hii haikuonekana kwenye karatasi yoyote ya kampuni, wala ya kwangu mwanzoni.

Tarehe 15 Machi pauni 347 zikakatwa. Siku mbili baadaye kodi ya nyumba ilikuwa itoke, na hela haikuwepo. Jirani akamwambia dairekti debiti ina dhamana: nenda benki, sema hukukubali, watakurudishia. Tarehe 16 akaenda, benki ikamrudishia pauni 347 palepale, na akafuta kabisa idhini ya makato. Hela zilirudi siku hiyo lakini kodi, kwa namna mifumo ya benki inavyopishana, iligonga mwamba mara ya kwanza na mwenye nyumba akamtoza ada ya kuchelewa.

Tarehe 24 Machi kampuni iliandika. Akaunti imehamishiwa kundi la wanaolipa bili inapofika, ambalo bei yake ni ya juu kidogo kuliko ya wanaokatwa benki. Pauni 347 zimerudishwa kwenye deni. Asipolipa au kupanga namna ya kulipa, deni litapelekwa kwa wakusanyaji.

Alikuja kwetu tarehe 28 Machi, mwezi wa Ramadhani, saa moja kabla ya kufuturu. Aliweka mfuko wa plastiki wa barua mezani, bahasha tatu hazijafunguliwa. Akasema, "Kaka, mimi nataka tu kujua nalipa nini. Kama ni langu nitalipa."

Nilivyoamua mwanzoni, na kwa nini nilikosea

Kisa cha namna hii huwa na mshukiwa wa kawaida, nacho ni makadirio. Kampuni imekadiria juu, mteja hajatuma namba za mita, bili imefura. Nimeona kesi nyingi za hivyo, na nikamvika Bi Z. nguo za kesi nyingine. Tarehe 3 Aprili tukaandika malalamiko rasmi kwa barua pepe, tukidai kwamba bili imejengwa juu ya makadirio na tunataka ihesabiwe upya.

Jibu likaja tarehe 12: usomaji wa Februari ni halisi, umefanywa na mtu, na tulikuwa huru kuangalia mita wenyewe. Tukaangalia. Walikuwa sahihi. Namba iliyokuwa kwenye mita ililingana na mwendo wa namba waliyoandika wao.

Hapo watu wengi hukata tamaa, na nakiri hata mimi nilianza kumwandalia Bi Z. mpango wa kulipa deni kidogo kidogo. Kilichoniokoa ni karatasi ya bajeti. Ili kupanga malipo nilihitaji matumizi yake ya mwaka, nikaenda kutafuta kilowati saa badala ya pauni. Gesi: kilowati saa 14,353. Kwa siku 125.

Ofgem, msimamizi wa soko la nishati wa hapa, wakati ule ilihesabu nyumba ya kawaida kuwa inatumia kilowati saa 12,000 za gesi kwa mwaka mzima. Mama na watoto wawili, vyumba viwili, wametumia zaidi ya hizo kwa miezi minne? Kipupwe hula gesi, sawa, lakini hapa palikuwa na jambo. Wiki tatu nilikuwa nimebishana kuhusu pauni bila kuziangalia kilowati saa.

Ukurasa wa nne

Usiku wa tarehe 18 Aprili niliikunjua bili yote. Ukurasa wa kwanza una deni kwa herufi nene. Wa pili na wa tatu una bei na maelezo ya mpango. Wa nne, kwa herufi ndogo, una hesabu ya kugeuza gesi kuwa kilowati saa, na mtu hufika huko akiwa amechoka.

Mita ya gesi haipimi nishati, inapima ujazo. Ili kupata kilowati saa, unachukua mita za ujazo, unazidisha kwa 1.02264 kurekebisha joto na mgandamizo, unazidisha kwa thamani ya joto ya gesi yenyewe, ambayo kwenye bili hii ilikuwa 39.5, kisha unagawanya kwa 3.6. Kwa mkono inakuwa kwamba kila mita moja ya ujazo ni kama kilowati saa 11.2.

Ila mita za zamani hazikupima kwa mita za ujazo. Zilipima kwa futi, na uniti moja ilikuwa futi za ujazo mia moja. Kwa mita hizo kuna hatua ya ziada kabla ya zote: unazidisha kwa 2.83. Na kwenye ukurasa wa nne wa bili ya Bi Z., mstari wa kwanza kabisa wa hesabu, ilikuwepo: 452 mara 2.83.

Nilimpigia saa nne usiku, nikijua bado hawajalala. Nikamwomba aende kwenye kabati chini ya ngazi na tochi, asiisome namba, asome herufi zilizo pembeni ya namba. Nikasikia mlango, nikasikia ndoo ikisogezwa. "Kuna m," akasema, "na juu yake kuna tatu ndogo." Tarakimu nyeusi ngapi? "Tano." Mita za futi kwa kawaida zina nne, na huandikwa ft³ au futi za ujazo kwa maneno. Ile ilikuwa mita ya kisasa. Mita ilibadilishwa, rekodi ya kampuni haikubadilishwa.

Hesabu iliyobaki ilichukua dakika kumi. Mita za ujazo 452 zinatoa kilowati saa 5,072, ambazo kwa peni 10.3 ni pauni 522.42. Kampuni ilikuwa imedai kilowati saa 14,353, yaani pauni 1,478.36. Ziada ya pauni 955.94. Ukiiondoa kwenye akaunti, ukaacha umeme, tozo za kila siku, makato manne ya pauni 140 na msaada wa serikali wa pauni 333 uliokuwa umeingia hadi Februari, Bi Z. hakuwa na deni la pauni 932.85. Alikuwa na salio la ziada la pauni 23.09.

Yaani mtoto alilala na koti kwa deni ambalo halikuwepo.

Tulivyobadilisha njia

Tarehe 19 Aprili tuliandika upya, safari hii kwa ufupi. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili zilizojaa haki na hisia. Ya pili ilikuwa na sentensi sita: mita hii inapima kwa mita za ujazo, bili inazidisha kwa 2.83, hii hapa picha ya leo ikionyesha alama ya m³ na namba ya utambulisho ya mita, hii hapa picha ya tarehe 4 Oktoba yenye namba hiyohiyo ya utambulisho, hii hapa hesabu sahihi, tunaomba rekodi irekebishwe na bili zote zifutwe na kutolewa upya. Nasisitiza namba ya utambulisho ya mita, ile iliyochapwa usoni pake, kwa sababu bila hiyo picha ni ya mita yoyote duniani.

Uamuzi wa pili ulihusu malipo. Bi Z. alitaka asilipe chochote mpaka wakubali. Nilimwelewa. Lakini gesi na umeme aliendelea kutumia, na bili sahihi ilikuwa inaendelea kukua chini ya ile ya uongo. Tukakubaliana aweke agizo la kudumu la benki la pauni 140 kila tarehe 20, kiasi ambacho hesabu yetu ilionyesha kinatosha matumizi yake halisi. Tofauti yake na dairekti debiti ni kwamba kiasi anakipanga yeye, kampuni haiwezi kukipandisha. Kwenye barua tukaandika kwamba analipa sehemu isiyobishaniwa na anabisha iliyobaki, na tukaomba wasimamishe wakusanyaji deni mpaka jambo liamuliwe.

Uamuzi wa tatu ulikuwa boila. Nilimwambia aiwashe. Alinitazama kama mtu anayeambiwa aruke ukuta. Nikamwonyesha kwenye karatasi saa moja ya gesi inamgharimu nini hasa, kwa hesabu sahihi. Pia tukamwandikisha kwenye orodha ya huduma ya kipaumbele, yaani ya wateja wanaohitaji uangalizi wa ziada, ambayo kila kampuni ya nishati hutakiwa kuwa nayo. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anastahili.

Kampuni ikajibu kwamba itatuma fundi kuthibitisha mita, tarehe 9 Mei. Bi Z. akaomba ruhusa kazini, akakaa nyumbani kutwa. Fundi hakuja. Kwa sheria za viwango vya huduma za wakati ule, miadi iliyokosekana bila taarifa ya kutosha ilikuwa fidia ya pauni 30 bila kuomba. Hazikuja bila kuomba.

Kufikia tarehe 29 Mei wiki nane zilikuwa zimetimia tangu malalamiko ya tarehe 3 Aprili. Wiki nane ndizo muda ambao kampuni inapewa. Zikipita, au ikikupa barua ya kusema imefika mwisho wa uwezo wake, una haki ya kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya wateja na kampuni za nishati, bure. Ofgem yenyewe haisikilizi kesi ya mtu mmoja mmoja, jambo linalowachanganya wengi. Tarehe 29 ilikuwa sikukuu, tukawasilisha tarehe 30: barua mbili, picha mbili, ukurasa wa nne ukiwa na duara jekundu.

Matokeo

Kesi haikufika kwenye uamuzi. Baada ya kampuni kujulishwa kwamba malalamiko yamepokelewa, mtu wa idara ya juu alimpigia Bi Z., akaomba picha nyingine ya mita, na tarehe 21 Juni ikaja barua. Bili zote za gesi tangu Oktoba zimefutwa na kutolewa upya. Deni la kweli kufikia siku hiyo lilikuwa pauni 21 na kitu, kwa sababu Machi hakuwa amelipa chochote. Walitoa pauni 75 za kuomba radhi na zile 30 za miadi, vikaingia kwenye akaunti na deni likaisha. Wakathibitisha kwa maandishi kwamba hakuna alama iliyoachwa kwenye rekodi yake ya mikopo. Hilo tuliliomba mahususi.

Walichokataa: tofauti ya bei kwa miezi ambayo hakuwa kwenye makato ya benki, wakisema makato alifuta mwenyewe. Na ada ya mwenye nyumba. Tungeweza kuendelea, maana uamuzi wa Ombudsman ukikubaliwa na mteja unaibana kampuni. Bi Z. akasema amechoka, apokee. Sikumbishia, ingawa ada ile hadi leo naona ilikuwa yake kudai.

Uchambuzi: makato ya benki

Watu huniuliza zaidi kuhusu tarehe 16 Machi: alifanya vizuri kwenda benki? Jibu langu ni gumu kidogo.

Dhamana ya dairekti debiti ni kitu kizito. Kukiwa na kosa la kampuni au la benki katika kukata, benki inakurudishia yote, mara moja. Kiasi au tarehe ikibadilika, lazima ujulishwe kabla, kwa kawaida siku 10 za kazi. Lakini dhamana inalinda namna ya kukata. Haihukumu kama bili ni ya kweli. Bi Z. alijulishwa tarehe 13 Februari juu ya makato ya tarehe 15 Machi, zaidi ya mwezi. Kwa jicho la dhamana, kampuni ilikata ilichosema itakata, siku iliyosema. Na dhamana ina upande wa pili ambao jirani hakuutaja: ukirudishiwa usichostahili, utatakiwa kukirudisha. Kwa hiyo zile pauni 347 zilitoka mlangoni zikarudi dirishani, kama deni.

Kufuta makato kuna bei yake vilevile. Haki ya kuyafuta ni ya mteja siku yoyote, haihitaji sababu. Ila alipoyafuta kabla ya kuonyesha kosa liko wapi, kampuni iliacha kumwona kama mteja mwenye swali kuhusu bili, ikamwona kama mtu asiyelipa. Hayo ni madawati mawili tofauti. Dawati la madeni haliulizi mita inapima kwa nini.

Je, alikuwa na njia nyingine wakati ule? Ilikuwepo, na hakuna aliyemwambia. Leseni ya kampuni za nishati inazitaka zipange kiasi cha makato kwa taarifa bora na ya karibuni zaidi, na zimweleze mteja kwa lugha nyepesi namna zilivyokifikia. Mwaka 2022 Ofgem ilizikagua kampuni juu ya jambo hilohilo, baada ya wateja wengi kupandishiwa makato ghafla. Kwa hiyo tarehe 13 Februari angeweza kusema: nielezeni 347 imetoka wapi, na mpaka mnieleze, acheni ibaki 140. Wangeweza kukataa. Lakini swali hilo lingewalazimu kufungua hesabu, na hesabu ndiko 2.83 ilikokuwa imelala.

Hata hivyo simlaumu mama aliyekuwa na kodi ya kulipa baada ya siku moja. Kwa hali yake benki ilimpa pumzi ya wiki moja. Tatizo ni kwamba pumzi ile ilichukuliwa kuwa suluhisho.

Uchambuzi: simu ya tarehe 13 Februari

Kanuni za mwaka 2008 za kushughulikia malalamiko ya nishati zinayahesabu malalamiko kuwa ni hali yoyote ya mteja kuonyesha kutoridhika. Hana haja ya kutaja neno malalamiko wala kujaza fomu. Kwa kipimo hicho wiki nane zilianza Februari, na zingeisha Aprili. Kwenye rekodi za kampuni ile simu iliandikwa kama ulizo. Nilipaswa kulidai hilo kwenye barua ya kwanza. Sikulidai, nikahesabu kuanzia tarehe 3 Aprili, na Bi Z. akasubiri wiki saba zaidi ya ilivyolazimu.

Kwa wanaozungumza Kiingereza kwa kusitasita hili ni zito zaidi. Bi Z. ana adabu za kwao: huanza kwa salamu, huomba samahani kwa usumbufu, kisha huuliza kama "labda" kuna makosa. Mtu wa simu alisikia mteja aliyetaka maelezo, akampa maelezo. Siku hizi nawaambia watu salamu ibaki, lakini sentensi ya pili iwe: naomba hili liandikwe kama malalamiko, nipe namba yake.

Uchambuzi: kosa likiwa kinyume

Kuna jambo wasomaji wenye mita za zamani hawatalipenda. Kosa hili linaweza kugeuka: mita ni ya futi, kampuni inaihesabu kama ya mita za ujazo, nawe unalipa karibu theluthi ya gesi unayotumia. Likigunduliwa, utatakiwa kulipa. Lakini tangu Mei 2018 kampuni haziruhusiwi kumdai mteja wa nyumbani nishati aliyoitumia zaidi ya miezi 12 kabla ya bili kusahihishwa, isipokuwa kama mteja mwenyewe alizuia usomaji au alifanya visivyo. Nilishamweleza hivyo mzee mmoja aliyekuja na bili ya kustaajabisha ya kurudi nyuma miaka mitatu. Alicheka kwanza, kisha akaomba nimwandikie.

Iliyobaki

Mwenye nyumba wa Bi Z. ana nyumba nyingine mbili mtaa uleule, na mita zao zilibadilishwa wiki moja na yake. Julai nilimwomba Bi Z. agonge hodi. Mmoja hakufungua. Wa pili, kijana anayesoma chuo, alisema bili yake iko sawa, ni kwamba yeye huhisi baridi sana tu. Baada ya siku tatu alimtumia Bi Z. picha ya ukurasa wa nne. Mstari wa kwanza wa hesabu, uniti 318 mara 2.83. Malalamiko yake tuliyaandika siku hiyohiyo, kwa sentensi sita.